Kutoboa Kilicho Kigumu: Mkondo wa Chembe Kali na Tiba ya Jino Lililooza

Enameli, ganda la nje la jino, ndiyo tishu ngumu kuliko zote katika mwili wa binadamu. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Ili kuziba jino lililooza, mara nyingi mtaalamu hulazimika kwanza kupenya ganda hilo, kuondoa sehemu iliyoharibika, kisha kujaza nafasi iliyobaki. Kwa wagonjwa wengi hapo ndipo hofu huanzia: mlio wa mashine, mtetemo unaofika hadi kichwani, na woga wa sindano ya ganzi. Hofu hiyo ina gharama yake. Mgonjwa huahirisha safari ya kliniki mwezi baada ya mwezi, na jino ambalo lingezibwa kwa muda mfupi huishia kung'olewa.

Ipo njia nyingine ya kutoboa jino, isiyotumia ncha inayozunguka. Badala ya ncha hiyo hutumika mkondo mwembamba wa hewa uliobeba chembe kali, ndogo kuliko unene wa unywele. Njia hiyo ni ya kweli, ina historia ndefu, na inatumika katika kliniki nyingi duniani. Makala haya yanaeleza namna inavyofanya kazi, faida zake na mipaka yake. Yanaeleza pia kwa nini mkazi wa Mtambile, katika Wilaya ya Mkoani kisiwani Pemba, hana haja ya kuisubiri mashine hiyo ndipo jino lake liokolewe.

Namna chembe ndogo inavyotoboa jiwe

Anayetembea ufukweni wakati kusi limechachamaa huhisi mchanga ukimchoma miguuni. Punje moja ya mchanga haina uzito wa kumwumiza mtu. Kinachouma ni kasi yake. Nishati ya kitu kinachokwenda hutegemea uzito wake na kasi yake, lakini kasi ina uzito mkubwa zaidi katika hesabu hiyo: ikiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Kwa sababu hiyo chembe isiyoonekana vizuri kwa macho, ikirushwa kwa kasi ya zaidi ya mita 100 kwa sekunde, huweza kung'oa kipande cha kioo.

Mwaka 1870, Benjamin Chew Tilghman wa Philadelphia, Marekani, alipata hataza ya kutumia mchanga unaorushwa kwa nguvu ili kukata na kuchora vitu vigumu. Tangu hapo mafundi wamejifunza mambo mawili ambayo mwanzoni hushangaza.

La kwanza ni kwamba vitu vigumu vinavyovunjika bila kukunjika, kama kioo, kauri, mawe na enameli ya jino, huliwa upesi na mkondo wa chembe. Kila chembe inapogonga huacha ufa mdogo mno. Nyufa hizo zinapokutana, kijipande hubanduka. Mgongano mmoja haufanyi kitu, lakini migongano mamilioni kwa dakika hufanya tundu.

La pili ni kwamba vitu laini vinavyonesa, kama mpira, hustahimili mkondo huohuo. Mpira hubonyea chembe inapofika, huipokea nguvu yake, kisha huirudisha ilikotoka bila kupasuka. Mafundi hutumia tofauti hiyo kwa makusudi. Wanapotaka kutoboa matundu madogo kwenye kioo, hukifunika kwa utando wa mpira wenye nafasi wazi pale tu panapotakiwa tundu. Mkondo hupiga kote, lakini kioo kigumu ndicho kinacholiwa na utando laini ndio unaobaki. Msomaji aikumbuke tabia hiyo, kwa kuwa ndiyo inayoamua uwezo na udhaifu wa njia hii katika tiba ya meno.

Umbo la tundu nalo lina kanuni zake. Chembe zikipiga wima, kitu kinachovunjika huliwa haraka zaidi. Metali zinazokunjika huliwa zaidi chembe zikija kwa mshazari. Tundu huwa pana mdomoni na jembamba chini, na kingo zake huwa za mviringo. Kadiri linavyozidi kwenda chini, chembe zinazoingia hugongana na zile zinazotoka, hupoteza kasi, na kazi hupungua. Kwa hiyo mkondo wa chembe hufaa kwa matundu mafupi kuliko marefu.

Hewa si kibebaji pekee. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, mhandisi Mohamed Hashish, akifanya kazi Marekani, aliendeleza njia ya kuchanganya chembe kali na maji yaliyoshindiliwa kwa shinikizo kubwa sana. Mashine za aina hiyo leo hufikia shinikizo la takriban mara 4,000 ya lile la hewa inayotuzunguka. Hukata chuma, mawe na titani kwa mchirizi usiozidi upana wa milimita moja, bila kukiunguza kitu kinachokatwa. Nguvu kama hiyo haina nafasi kinywani. Daktari wa meno hutumia hewa, na shinikizo lake ni dogo mno kulinganisha na hilo.

Kutoka karakana hadi kinywani

Aliyeipeleka njia hii kwenye meno ni Dkt. Robert Black, daktari wa meno wa Texas, Marekani. Mwaka 1945 alichapisha maelezo ya namna ya kutayarisha jino kwa kuzibwa bila kutumia ncha inayozunguka. Mwaka 1951 kampuni ya S. S. White ilianza kuuza mashine iliyotokana na kazi hiyo, iliyoitwa Airdent. Wakati huo mashine za kuzungusha ncha zilikuwa za polepole, zenye joto na mtetemo mkubwa, na wagonjwa wengi waliufurahia ukimya wa chombo kipya.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1957 ilitoka mashine ya turbini inayoendeshwa kwa hewa, ambayo huzungusha ncha takriban mara 300,000 kwa dakika. Ilikuwa ya haraka na ilimwezesha daktari kuchonga tundu lenye kuta na pembe kamili. Hilo lilikuwa muhimu, kwa sababu vijazio vya zama hizo, yaani dhahabu na mchanganyiko wa zebaki na fedha, havikushikamana na jino. Vilihitaji tundu lenye umbo la kuvizuia visitoke, na mkondo wa chembe, wenye kuacha kingo za mviringo, haukuweza kuchonga umbo hilo. Vilevile vyombo vya kufyonza vumbi kinywani vilikuwa duni.

Kilichoirudisha njia hii ni kubadilika kwa vijazio. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi kwa muda mfupi hupata vinyweleo ambavyo resini huweza kushikamana navyo. Kadiri vijazio vya kushikamana vilivyoenea, haja ya kuchonga tundu kubwa lenye pembe ilipungua. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 mashine za mkondo wa chembe zilirudi kliniki.

Mashine ya leo hutumia unga wa oksidi ya alumini, ambao ni mgumu zaidi ya mchanga. Ukubwa wa kila chembe huwa kati ya takriban mikromita 27 na 50. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Hewa iliyoshindiliwa huusukuma unga huo kupitia mdomo mwembamba wenye kipenyo kisichofika milimita moja, ulioshikwa karibu na jino bila kuligusa. Hakuna mtetemo, joto ni dogo, na katika matundu ya juujuu mara nyingi ganzi haihitajiki. Njia hii hufaa kufungua mifereji myembamba ya magego inayoshukiwa kuanza kuoza, kusafisha madoa ya enameli, kutengeneza kijazio cha resini kilichomeguka, na kuparuza uso wa jino au kauri ili gundi ishike vizuri.

Ugumu si ugonjwa

Hata hivyo, tabia iliyoelezwa ya kioo na mpira huja na mtihani wake. Chini ya enameli ipo dentini, ambayo madini yake ni takriban asilimia 70 tu ya uzito. Bakteria wa kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi huyeyusha madini hayo. Kinachobaki katika dentini iliyooza ni nyuzi za protini zilizolowa, laini kama ngozi iliyorowekwa. Kwa lugha ya fundi, jino zima ni kioo, na sehemu iliyooza ni mpira.

Matokeo yake ni kinyume cha kile ambacho mgonjwa angetarajia. Mkondo wa oksidi ya alumini hula enameli na dentini nzima kwa haraka, lakini unapofika kwenye uozo laini kazi yake hupungua. Asiyeielewa tabia hiyo huweza kupoteza sehemu nzuri ya jino huku akiacha sehemu mbovu. Zaidi ya hayo, kwa kuwa mdomo wa mashine hauligusi jino, mkono wa daktari hukosa ile hisia ya kutambua mahali palipo laini na palipo pagumu. Ndiyo maana hata katika kliniki zenye mashine hizo, mara nyingi kazi ya kuondoa uozo laini humaliziwa kwa kijiko kidogo cha chuma kinachoshikwa mkononi.

Watafiti wamejaribu kulipunguza tatizo hilo kwa kutumia unga ulio laini kuliko oksidi ya alumini, kama vile kioo hai, ambacho awali kilibuniwa na Larry Hench mwaka 1969 kwa ajili ya kuungana na mfupa. Unga huo huitunza zaidi enameli nzima, lakini hauondoi haja ya jicho na mkono wenye ujuzi.

Njia iliyoanzia Dar es Salaam

Ikiwa uozo ni laini na hatua ya mwisho ni kijiko cha mkononi, swali la haki ni hili: je, jino linaweza kuokolewa kwa kijiko peke yake? Jibu lilitafutwa hapahapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Mholanzi Jo Frencken, akiwa katika shule ya udaktari wa meno jijini Dar es Salaam, alianzisha pamoja na wenzake njia ya kutibu meno kwa vyombo vya mkono tu, mahali pasipo na umeme wala maji ya bomba. Njia hiyo, inayojulikana kimataifa kwa kifupi cha ART, ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani katika Siku ya Afya Duniani ya tarehe 7 Aprili 1994, ambayo mada yake ilikuwa afya ya kinywa.

Hatua zake ni chache. Mdomo wa tundu hupanuliwa kwa patasi ndogo ya meno, kwa kuvunja kingo za enameli ambazo tayari hazina kitu chini yake. Uozo laini hukwanguliwa kwa kijiko, kuanzia pembezoni kuelekea chini, na mtaalamu huwa mwangalifu anapokaribia kiini cha jino. Tundu husafishwa kwa asidi dhaifu, hukaushwa kwa pamba, kisha hujazwa saruji ya glasi ayonoma. Kidole kilichovaa glavu iliyopakwa vaselini huikandamiza saruji hiyo ili iingie pia katika mifereji ya jirani. Ziada huondolewa, mng'ato hupimwa, na mgonjwa huombwa asile kwa muda wa saa moja.

Saruji hiyo, iliyobuniwa Uingereza na Alan Wilson na Brian Kent na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, hushikamana yenyewe na jino na huachia floridi taratibu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu.

Nayo ina mipaka. Hufanya vizuri zaidi katika tundu lililo upande mmoja wa jino kuliko linalogusa pande mbili au zaidi. Haifai pale ambapo kiini kimefikiwa, penye usaha, au penye maumivu ya muda mrefu yanayokuja yenyewe. Lakini kwa jino lililotoboka mapema, hufanya kile ambacho mkondo wa chembe hauwezi kukifanya vyema: huondoa kilicho laini na kukiacha kilicho kigumu.

Vumbi na mapafu

Kila njia inayotumia chembe kali huzaa vumbi. Hatari kubwa kuliko zote ni vumbi la silika, madini yaliyomo katika mchanga wa kawaida. Likivutwa kwa miaka, huacha makovu ndani ya mapafu na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuondoa. Mwenye silikosisi huwa pia katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Uingereza ilikataza mchanga wa silika katika usafishaji wa vyuma vya kumiminwa mwaka 1949, na Uturuki ilikataza mwaka 2009 kupiga mchanga nguo za jinzi, baada ya vijana waliofanya kazi hiyo kuugua na kufa.

Katika tiba ya meno walio hatarini zaidi ni mafundi wa maabara wanaosafisha meno bandia na vyuma kwa kupiga chembe. Kazi hiyo ifanyike ndani ya sanduku lililofungwa lenye kifyonza vumbi, na unga wenye silika usitumike. Fundi mwenye kikohozi kisichokwisha au anayeishiwa pumzi aeleze kazi yake anapofika kliniki, na mhudumu anayemwona aulize, kwani dalili hizo kwa mtu anayefanya kazi penye vumbi zisichukuliwe kuwa mafua tu.

Katika chumba cha matibabu, mashine ya mkondo wa chembe isitumike bila kifyonza chenye nguvu, miwani kwa mgonjwa na kwa mtaalamu, barakoa inayofaa, na mpira wa kulitenga jino. Haifai kwa mwenye pumu kali au ugonjwa sugu wa mapafu. Isielekezwe kwenye kidonda wala mahali palipong'olewa jino karibuni, kwa sababu hewa huweza kupenya chini ya ngozi na kuvimbisha uso au shingo.

Mkazi wa Mtambile afanye nini

Mtambile iko kwenye barabara kuu ya Pemba ya kusini, ikiwa na Mkoani upande mmoja, yenye Hospitali ya Abdalla Mzee, na Chake Chake upande wa pili. Mwenye jino linalouma hapo mara nyingi huanza na dawa iliyo karibu naye zaidi: karafuu. Hana kosa la kuiamini. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, kitu kinachotia ganzi nyama na kupunguza maumivu, na madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kupata kijazio cha muda. Mafuta hayo hukamuliwa kisiwani humohumo, katika kiwanda cha makonyo cha Wawi.

Hata hivyo, kutulia kwa maumivu si kupona kwa jino. Uozo huendelea kimyakimya chini ya ganzi hiyo. Mafuta makali huweza kuunguza ufizi, na mtoto akiyameza huweza kudhurika ini, kwa hiyo yawekwe mbali na watoto. Tena yujenoli huizuia resini isikauke vizuri. Mgonjwa aliyetia mafuta ya karafuu kwenye tundu amwambie mtaalamu kabla ya kuzibwa, na mhudumu amuulize hata kama hajasema.

Mambo yafuatayo yatawasaidia mgonjwa na mhudumu wa mstari wa mbele kuamua.

Jino lenye doa jeusi au kishimo kidogo, linalouma kwa muda mfupi tu linapoguswa na kitu baridi au kitamu, mara nyingi bado laweza kuzibwa. Huu ndio wakati wa kwenda kliniki, siyo wa kusubiri.

Jino linaloamsha mtu usiku, linalouma lenyewe kwa muda mrefu, au lenye kijipu kwenye ufizi, huenda limeshaharibika kiini. Huhitaji tiba ya mzizi au kung'olewa. Kuliziba juu pekee hakutamaliza ugonjwa.

Uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, homa, kushindwa kufungua kinywa, shida ya kumeza au ya kupumua ni dalili za hatari. Maambukizi ya jino yanaweza kuua kwa kuziba njia ya hewa. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku.

Kwa mtu mzima na mtoto, kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi na kupunguza vitu vitamu kati ya milo huzuia uozo usianze. Mtoto aonwe kabla hajalalamika, kwa kuwa magego ya kwanza ya kudumu huota akiwa na umri wa miaka sita hivi, na wazazi wengi huyadhani ni ya utoto yatakayong'oka.

Hitimisho

Mkondo wa chembe kali ni chombo kizuri mikononi mwa anayekijua, katika kliniki yenye umeme wa uhakika, kompresa, kifyonza na vijazio vya kushikamana. Atakayekipata akitumie kwa kazi inayokifaa. Lakini chombo hicho hakitofautishi jino zima na jino bovu; hutofautisha kigumu na laini, na ugonjwa wa jino uko upande wa laini. Kabla ya kituo chochote kutenga fedha kwa mashine ya aina hiyo, ni busara kuhakikisha kwamba vijiko vipo na ni vikali, saruji ya glasi ayonoma haijaisha, na yupo mtu aliyefunzwa kuitumia. Na mgonjwa anayeiogopa mashine ya kutoboa aulize kama jino lake laweza kutibiwa kwa vyombo vya mkono. Akiuliza mapema, mara nyingi atajibiwa kuwa inawezekana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa jino, ukishaanguka, hakuna fundi wa kuurudisha kama ulivyoumbwa.